Maji ya moyoni hayatoki kisimani

Huku Dodoma, mbuzi akifa ghafla, akapasuliwa na kukutwa na maji kifuani, wengi husema: "Alikunywa mengi akiwa na kiu." Wapo hata wanaoinyima mifugo maji jua likiwa kali. Hilo linaniuma, maana kiu nayo humdhoofisha mnyama.

Maji ya kunywa huingia tumboni. Hayana njia ya kwenda moja kwa moja kwenye kifuko cha moyo. Yale unayoyaona pale ni majimaji ya damu. Mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa maji ya moyo (heartwater): bakteria aitwaye Ehrlichia ruminantium hushambulia kuta za mishipa midogo ya damu hadi zikavuja. Yachote uyatazame: yana umanjano hafifu, na mara nyingi yakipigwa na hewa huganda. Maji ya kisima hayagandi. (Mzoga unaotoka damu puani au mkunduni usiupasue kabisa, huenda ni kimeta.)

Anayeueneza ugonjwa huu ni kupe mkubwa mwenye pete nyeupe miguuni, na dume lake lina mgongo wa rangi. Mtaalamu wa wadudu, Charles Lounsbury, alithibitisha huko Afrika Kusini mwaka 1900 kwamba kupe ndiye anayeueneza. Mtafute kupe huyo kwenye kiwele, korodani na chini ya mkia.

Mnyama huanza na homa kali, kisha hunyanyua miguu juu mno akitembea, huzunguka, hutafuna mdomo ukiwa mtupu. Oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, huokoa ikitolewa mapema, wakati wa homa, kwa hiyo mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na maji mpe.