Je, wajua kwa nini picha ya CT inaweza kuwa safi ilhali shina la ubongo limeumia?

Majeruhi wa ajali analetwa hospitalini akiwa hajitambui. Anapigwa picha ya CT ya kichwa, yaani eksirei inayoonyesha ndani ya kichwa vipande kwa vipande, majibu yanarudi: fuvu halijapasuka, hakuna damu nyingi iliyovuja. Ndugu wanashusha pumzi. Siku ya tatu bado hajafumbua macho, na kila anayekuja kumjulia hali anauliza: kama picha ni safi, mbona haamki?

Jibu huenda liko kwenye shina la ubongo. Ni kipande chenye urefu wa sentimita 7 hivi, kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo: juu kuna ubongo wa kati, katikati ponsi, chini medula. Karibu kila amri inayotoka kichwani kwenda mikononi na miguuni hupita humo. Humo ndimo kulimo na vituo vinavyoongoza pumzi, mapigo ya moyo na kumeza, pamoja na mtandao wa neva unaouweka ubongo wote macho. Jozi 10 kati ya 12 za neva za fuvu zinaanzia hapo. Mtu anaweza kuumia sehemu kubwa zaidi ya ubongo wa mbele na bado akazungumza, lakini doa la milimita chache kwenye ubongo wa kati linaweza kumwondolea fahamu.

Shina huumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni palepale ajali inapotokea: kichwa kinazungushwa kwa kasi na kusimama ghafla, na nyuzi za neva zinavutika. Nyingi hazikatiki papo hapo. Huvimba na kuharibika kwa saa kadhaa baadaye, zikiacha vidoa vya damu vidogo mno. CT haivioni vizuri, tena eneo hilo limezungukwa na mfupa mnene unaotia michirizi kwenye picha. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ndiyo inayovifichua, hasa ikipigwa kwa namna inayonasa mabaki ya damu. Kwa hiyo CT safi maana yake ni kwamba hakuna kitu cha kukimbiza chumba cha upasuaji kwa sasa. Haina maana kwamba shina ni zima, na naona ni haki ya ndugu kuelezwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Njia ya pili huja baadaye. Ubongo wa juu unavimba au damu inajikusanya, nafasi ndani ya fuvu inakwisha, ubongo unasukumwa chini na kulibana shina. Hapo mboni ya jicho moja hupanuka na kuacha kuitikia mwanga. Shinikizo la damu hupanda, moyo hupunguza kasi, pumzi hukosa mpangilio. Ni dharura ya dakika.

Ndiyo maana daktari mwenye kurunzi ndogo bado ana kazi ambayo mashine haijamnyang'anya. Anamulika jicho moja, kisha la pili, akitazama kama mboni zote mbili zinasinyaa. Mboni ndogo kama ncha ya sindano zinaweza kuelekeza kwenye ponsi, ingawa dawa za jamii ya mofini nazo huzifanya hivyo. Anagusa konea, utando angavu wa mbele ya jicho, kwa uzi wa pamba kuona kama kope zitafumba. Akishahakikisha shingo haijavunjika, anageuza kichwa huku na huku na kuangalia macho yanafuata wapi. Mwisho anachokoza koo kutafuta kikohozi. Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974, hutoa alama kati ya 3 na 15 kwa macho, usemi na mwendo wa viungo, lakini chenyewe hakihesabu mboni.

Hakuna dawa ya kuunganisha nyuzi zilizokatika. Matibabu ni kulinda zilizobaki: hewa ya kutosha, mara nyingi kwa mashine ya kupumulia, shinikizo la damu lisishuke, kichwa kiinuliwe kiasi cha digrii 30, na dawa ya manitoli au maji yenye chumvi nyingi kupunguza uvimbe. Damu iliyojikusanya huondolewa kwa upasuaji. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zilitumika miaka mingi, mpaka utafiti wa CRASH, uliochapishwa mwaka 2004 na kuhusisha watu wazima zaidi ya 10,000, ulipoonyesha kwamba zinaongeza vifo.

Kisha huja faili. Katika toleo la ICD-10 linalotumika Marekani, orodha inayoupa kila ugonjwa namba yake, mchubuko au damu ndani ya shina huandikwa S06.38, na tarakimu inayofuata hueleza mgonjwa alipoteza fahamu kwa muda gani. Tarakimu 5 ni zaidi ya saa 24 kisha akarudia hali yake ya awali, na 6 ni zaidi ya saa 24 bila kuirudia, ingawa yu hai. Karani hawezi kukisia muda huo. Daktari asipouandika, unapotea.

Kuna hali nyingine yenye namba yake, G83.5, inayoitwa kwa Kiingereza locked-in, yaani kufungiwa ndani ya mwili. Ponsi ikiumia upande wa mbele, mgonjwa anaweza kuwa na akili timamu, anasikia kila neno, lakini hawezi kusogeza chochote isipokuwa kope na macho kwenda juu na chini. Kwa asiyejua, ni koma. Namba hiyo haiwezi kuingia kwenye faili mpaka mtu ainame kitandani na kumwambia: kama unanisikia, tazama juu.