Kunsill lokali: serikali ya mtaa isiyo na kodi katika kisiwa cha Malta

Kunsill lokali ni jina la Kimalta la halmashauri ya mji au kijiji, yaani chombo cha chini kabisa cha utawala kinachochaguliwa na wananchi nchini Malta. Nchi hiyo, iliyoko kusini mwa Sicily katika Bahari ya Mediteranea, ina eneo la kilomita za mraba 316 tu, na bado imegawanywa katika halmashauri 68: 54 katika kisiwa kikuu na 14 katika kisiwa jirani cha Gozo. Kila moja ina madiwani wasiopungua watano na wasiozidi 13, kulingana na idadi ya wakazi, na anayeiongoza huitwa sindku, ambaye kwa Kiswahili tungemwita meya.

Tafsiri ya “serikali ya mtaa” inafaa, lakini inaweza kumpotosha msomaji wa Afrika Mashariki. Kwetu, neno halmashauri au kaunti huja na picha ya mkusanya ushuru sokoni na ya bili ya kodi ya majengo. Kunsill lokali haina kodi yake yenyewe. Malta haitozi kodi ya majengo ya kila mwaka, na sheria haikuipa halmashauri uwezo wa kubuni kodi nyingine ya kuziba pengo hilo. Sehemu kubwa ya fedha zake hutoka serikali kuu, katika mji mkuu Valletta, kama ruzuku inayopangwa kwa kanuni inayotazama idadi ya watu, ukubwa wa eneo na mahitaji ya mahali. Kinachobaki ni ada ndogondogo, kama za kibali cha kusimamisha kreni ya ujenzi barabarani. Kwa hiyo dhana hii inaeleweka vizuri zaidi ikichukuliwa kama uwakilishi uliogatuliwa bila mkoba.

Sababu ya kuwa hivyo ni ya kihistoria. Tangu zama za kati Wamalta walikuwa na chombo kilichoitwa Università, ambacho licha ya jina lake hakikuwa chuo bali baraza la wakubwa wa mji, lenye makao Mdina, huku Gozo ikiwa na la kwake. Waingereza, walioitwaa Malta mwanzoni mwa karne ya 19, walilivunja, na tangu hapo kisiwa kikuu kikakaa zaidi ya miaka 170 bila serikali ya mtaa. Gozo ilipewa baraza lake la kiraia mwaka 1961 na kunyang’anywa mwaka 1973. Katika muda wote huo taa ya barabarani ikizimika, njia ilikuwa kumwendea mbunge au waziri, na katika nchi ndogo kiasi hicho karibu kila mtu anamjua waziri au anamjua anayemjua. Sheria ya Halmashauri ya mwaka 1993 ilikusudia kuikata njia hiyo ya kubembeleza, na mwaka 2001 halmashauri zikatambuliwa katika katiba yenyewe.

Walioiandika sheria hiyo walikuwa na kijiji fulani akilini: kanisa katikati, familia zinazojuana, bustani ndogo ya watoto, maktaba, barabara za ndani zinazohitaji kuzibwa mashimo. Ndiyo kazi walizozipa halmashauri. Uchumi, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kuanza kukihama kijiji hicho. Kwa vizazi vingi Malta iliishi kwa jeshi la wanamaji la Uingereza na kwa karakana za meli za Bandari Kuu. Askari wa mwisho wa Kiingereza waliondoka tarehe 31 Machi 1979, nchi ikageukia viwanda vya nguo, ukarabati wa meli na utalii, na karakana za serikali zenyewe zikaishia mikononi mwa mwekezaji binafsi mwaka 2010. Mwaka 2004 yalitokea mambo mawili yaliyogeuza kila kitu: Malta iliingia Umoja wa Ulaya, na ikatunga kanuni za kuzipa leseni kampuni za kamari ya mtandaoni. Ofisi za kamari na fedha zilijaa Sliema na San Ġiljan, na wafanyakazi wakaja kutoka kila upande. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 417,432. Ya mwaka 2021 ilihesabu 519,562, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano hakuwa raia wa Malta. Watalii walioingia mwaka 2024 walizidi milioni 3.5.

Mahali pa kuliona badiliko hilo kwa macho ni San Pawl il-Baħar, jina ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa, kwa kuwa baħar ni bahari ileile tuliyoitoa sisi katika Kiarabu. Ndipo mapokeo yanaposema meli ya Mtume Paulo ilivunjika. Katika miaka kumi kati ya sensa hizo mbili idadi ya wakazi wake ilikaribia kuongezeka maradufu, ikafika 32,042, sehemu kubwa mno wakiwa wageni. Taka za nyumbani Malta huwekwa mlangoni katika mifuko, kila aina kwa siku yake: mweupe wa mabaki ya chakula, mweusi wa taka zilizochanganyika, na mwingine wa vinavyoweza kurejelezwa. Utaratibu huu unamtaka mtu aliyezoea mtaa, anayejua leo ni siku ya mfuko upi. Mpangaji wa siku nne katika chumba alichokipata mtandaoni hajui, wala hana sababu ya kujua. Anauacha mfuko kizingitini asubuhi anayoondoka, jua na paka wanafanya yaliyobaki. Simu ya malalamiko inalia kwa sindku.

Fedha aliyoileta mgeni huyo inapita njia nyingine. Ada ya watalii iliyoanzishwa mwaka 2016, senti 50 za yuro kwa kila usiku na isiyozidi yuro tano kwa ziara, ilipangwa iende serikali kuu. Kodi za kampuni za kamari vilevile. Si kwamba Valletta inakula peke yake, maana ruzuku hurudi na barabara kubwa hujengwa. Lakini halmashauri iliyobeba mzigo haina namna ya kuutoza mzigo huo. Hata vyanzo vilivyokuwapo vimesogezwa juu. Askari wa mitaa waliokuwa wakiandika faini za maegesho chini ya mfumo wa halmashauri waliwekwa chini ya wakala wa taifa mwaka 2015, na mwanzoni mwa mwaka 2023 ukusanyaji wa taka wenyewe ulihamishiwa mabaraza sita ya kanda. Utetezi wa hatua hiyo ya pili ninauona una uzito: zabuni 68 za magari ya taka katika nchi ambayo gari huivuka kwa saa moja hazikuwa na maana kubwa.

Penye ubishi mkali zaidi ni ujenzi. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Mipango ya taifa, na halmashauri huweza tu kupinga kama wapingavyo majirani au, kwa miradi mikubwa, kumpeleka mwakilishi mmoja mwenye kura moja mezani. Njia inayobaki ni rufaa. Halmashauri za Pembroke, Swieqi na San Ġiljan ziliungana na wakazi na asasi za kiraia kuupinga mradi wa hoteli na mnara wa makazi katika ardhi ya umma, na mwaka 2019 mahakama ilikifuta kibali kwa sababu ya mgongano wa maslahi wa mjumbe mmoja wa bodi. Mradi ulirekebishwa, ukaombewa kibali upya, ukakipata.

Kwa upande wa kura mfumo umekuwa mpana kuliko mkoba wake. Vijana wa miaka 16 wamekuwa wakichagua madiwani tangu mwaka 2015, miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kuchagua wabunge, na raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya wanaoishi Malta nao hupiga kura hiyo. Hesabu ya kura ni ile ya kupanga wagombea kwa namba za upendeleo, na umeya humwendea aliyepata kura nyingi za kwanza katika chama chenye wingi. Mdina, mji wa kale wenye wakazi wasiofika 200, huchagua madiwani wake watano katika utaratibu huohuo. Kule San Pawl il-Baħar, kijana wa Kinepali au wa Kihindi anayepeleka vyakula kwa pikipiki hachagui diwani yeyote, na mfuko wake mweusi hungoja mlangoni siku ileile na wa jirani yake mwenye kura.