Kabla ya kuchagua vinia, ulizia enameli

Mimi ni daktari wa meno, na wagonjwa wengi wanaokuja kuniulizia vinia huwa wamekwisha kuchagua rangi. Hufungua simu, wakanionyesha tabasamu la mtu wanayempenda, kisha wakataka kujua kazi itachukua muda gani. Mimi huanzia mahali pengine kabisa: huwauliza wanataka kubadilisha nini hasa kwenye meno yao, halafu huchunguza ni kiasi gani cha enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, kitakachobaki baada ya mabadiliko hayo. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi mwingine katika tiba hii wenye uzito kuliko huo, na nasikitika kwamba ndio unaozungumzwa kwa uchache zaidi.

Vinia ni gamba jembamba la kauri au la kompoziti (rezini, yaani plastiki maalumu, iliyochanganywa na chembe za kioo au kauri) linalogandishwa kwenye uso wa mbele wa jino ili kurekebisha rangi, umbo au urefu wake. Gamba la kauri kwa kawaida huwa na unene wa kati ya milimita 0.3 na 0.7 hivi. Enameli hufikia takriban milimita 1 karibu na ncha ya jino la mbele la juu, lakini hupungua kadiri inavyokaribia ufizi, na hapo inaweza kuwa chini ya nusu milimita. Ukizilinganisha hesabu hizo utaona kwamba daktari anayechonga jino ili kulipatia gamba nafasi anafanya kazi katika tabaka ambalo halina ziada ya kupoteza. Tena seli zinazojenga enameli hutoweka jino linapochomoza, kwa hiyo kilichochongwa hakioti tena.

Umuhimu wa enameli hauishii kwenye kulikinga jino, kwa kuwa ndiyo pia inayoishika vinia. Katika miaka ya 1930, daktari wa meno Charles Pincus wa California aliwatengenezea waigizaji wa filamu magamba ya muda, akayashikiza kwa unga wa kushikizia meno ya bandia, nayo yakawa ya kuvaliwa mbele ya kamera na kuvuliwa baadaye, kwa sababu hapakuwa na gundi ya kuyadumisha. Mwaka 1955 daktari wa meno Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforiki kwa muda mfupi huwa na vinyweleo vidogo mno ambavyo rezini huweza kupenya na kujifunga humo. Mapema katika miaka ya 1980 ikathibitika kwamba kauri nayo inaweza kutayarishwa kwa asidi ya aina nyingine, na hapo ndipo vinia ya kudumu kama tunavyoijua leo ilipowezekana. Dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ina maji na mirija midogo inayoelekea kwenye kiini cha jino, na mshiko wake hudhoofika kwa urahisi zaidi kadiri miaka inavyopita. Vinia iliyogandishwa kwenye enameli hudumu kuliko ile ambayo sehemu kubwa yake imekaa juu ya dentini, na jino lenyewe halisumbuliwi sana na baridi au moto.

Hapa sina budi kueleza tofauti kati ya vinia na krauni, kwa kuwa wapo watu wanaoahidiwa ya kwanza wakapewa ya pili. Krauni hulifunika jino pande zote, na ili iingie, jino huchongwa mpaka likabaki kisiki. Utafiti wa Edelhoff na Sorensen uliochapishwa mwaka 2002 ulipima uzito wa meno kabla na baada ya kuchongwa, ukaonyesha kwamba vinia huondoa kati ya asilimia 3 na 30 ya sehemu ya jino inayoonekana juu ya ufizi, ilhali krauni huondoa kati ya asilimia 63 na 72. Krauni ni tiba nzuri kwa jino lililovunjika vibaya au lililozibwa sehemu kubwa, lakini kulichonga jino zima kiasi hicho kwa sababu ya rangi tu ni hasara ambayo mgonjwa ataibeba maisha yake yote. Kwa hiyo muulize daktari wako waziwazi: utapunguza kiasi gani, na katika pande zipi za jino? Anayefanya kazi yake kwa uangalifu hatakerwa na swali hilo.

Baada ya kuelewa hayo, mara nyingi mgonjwa hugundua kwamba hahitaji vinia. Kama lalamiko ni umanjano uliokuja na umri, chai au kahawa, kung'arisha meno kwa dawa hakuondoi hata chembe ya jino. Hata aliyeamua kuweka vinia kwenye meno machache ni vyema ayang'arishe mengine kwanza, kwa sababu kauri haibadiliki rangi kwa dawa hiyo, kisha asubiri kama wiki 2 kabla ya kugandisha, maana mabaki ya dawa hudhoofisha gundi. Meno yaliyopinda huhitaji kupangwa kwa vyuma, na jino moja lililomeguka ncha hujengwa kwa kompoziti katika kikao kimoja. Madoa mepesi ya floridi yanaweza kupunguzwa kwa kusugua tabaka la juu sana la enameli. Vinia hufaa pale ambapo njia hizo hazitoshi: meno yaliyobadilika rangi kwa ndani kutokana na tetrasaiklini (dawa ya kuua bakteria), meno ya pembeni yaliyoota madogo kama vigingi, enameli iliyoumbika vibaya, au kasoro za umbo na rangi zilizokutana katika meno kadhaa.

Kuhusu malighafi, kompoziti huweza kuwekwa bila kuchonga jino au kwa kuligusa kidogo tu, na ikimeguka hukarabatiwa mdomoni, ingawa hupoteza mng'ao, hunasa madoa na kwa kawaida huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 5 hadi 7. Kauri haishiki madoa kirahisi na mara nyingi hudumu miaka 10 hadi 15 au zaidi, lakini ikivunjika huwa inabidi kutengeneza nyingine. Kijana wa miaka 22 ambaye vinia zake zitadumu miaka 15 kila mara atakuwa anaanza seti ya nne akiwa na miaka 67, na kila mabadiliko huweza kula sehemu nyingine ya jino. Ndiyo sababu kwa vijana napendelea kompoziti.

Ufizi unaovuja damu na meno yaliyooza hutibiwa kwanza. Anayesaga meno usingizini naye namwambia mapema kwamba bila kinga ya kuvaa usiku kauri yake iko hatarini.

Hatua ninayoithamini kuliko zote ni ya majaribio. Fundi wa maabara hujenga kwa nta umbo linalokusudiwa juu ya nakala ya meno ya mgonjwa, kisha mimi hulihamishia mdomoni kwa rezini ya muda kabla sijashika kifaa chochote cha kuchongea. Mgonjwa huinuka kitini, akazungumza, akacheka, akajitazama kwenye kioo kikubwa akiwa amesimama. Namsikiliza akitamka maneno yenye sauti za F na V, kwa sababu hapo ncha za meno ya juu hugusa mdomo wa chini, na zikiwa ndefu mno matamshi hubadilika mara moja. Upana wa meno mawili ya katikati huvutia unapokuwa takriban asilimia 75 hadi 80 ya urefu wake, lakini namba hiyo ni ya kuanzia tu. Sura ya mtu na midomo yake ndiyo huamua. Rangi nayo isiwe moja tangu juu hadi chini, kwani jino la asili huwa limekolea kidogo karibu na ufizi na hupitisha mwanga kwenye ncha. Asiyeridhika katika hatua hii hajapoteza kitu, na wapo ambao nimewaona wakiahirisha au kuacha kabisa, nami nikafurahi.

Majaribio hayo hunisaidia mimi pia, kwa sababu nikichonga nikifuata umbo la mwisho badala ya jino lilivyo, naondoa pale tu panapohitajika, na mahali pengine siondoi kitu. Siku ya kugandisha, vinia hujaribiwa kwanza bila gundi ya kudumu. Kagua rangi kwa mwanga wa mchana wakati huo, na useme lolote linalokusumbua, kwa kuwa gundi ikishapigwa mwanga na kukauka, kuitoa vinia ni kuikata kwa kifaa cha kuchongea, ambacho kinaweza kuikwaruza enameli iliyo chini yake.