Impakti si drili: tunayodhani na yalivyo

Juu ya dirisha la sebuleni kwetu, hapa Kisauni, pana vishimo vitano visivyofika popote. Nilivitia mwenyewe, siku ya kwanza ya kumiliki impakti ya betri, ile mashine ndogo ya kukazia skrubu, ya kushikwa kwa mkono mmoja. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Hii chukua, hii inapiga. Ukuta, mbao, chuma, yote kazi yake." Na kweli ilipiga. Ilipiga ta-ta-ta-ta hadi jirani akatoa kichwa dirishani, ncha ya biti, kile chuma kinachochomekwa mdomoni mwa mashine, ikamenyeka, na ukuta ukabaki ukinitazama.

Jirani huyo ni seremala, mtu mzima, nasi mtaani sote humwita ami. Alikuja, akaishika ile biti, akacheka kidogo. "Mwanangu, umenunua bisibisi ukaitumia kama nyundo."

Tangu siku ile nimekuwa nikitega sikio watu wanapoizungumzia mashine hii, dukani, maskani, kwa mafundi wa mabati. Makosa ni mengi, lakini mengi yao yametoka pahala pamoja, nalo ni jina. Watu husikia "impakti", wakadhani inapiga kwenda mbele.

"Inapiga, basi itatoboa ukuta"

Inapiga, ila kwa ubavu. Ndani yake mna kipande kizito cha chuma kinachosukumwa na springi, hicho ndicho nyundo. Mbele yake mna kipande kingine chenye masikio mawili, ndicho kinachoizungusha biti. Skrubu ikiwa nyepesi, vyote viwili huzunguka pamoja kimya kama drili yoyote. Skrubu ikianza kuwa nzito, nyundo hurudi nyuma, ikaruka sikio, kisha springi ikairusha igonge sikio linalofuata kuelekea upande uleule wa kuzunguka. Hayo hurudiwa mara 3,000 na zaidi kwa dakika moja.

Ukitaka kuyaona kwa macho, mtazame makanika anayefungua nati iliyoshika kutu. Huivalisha spana, halafu hugonga mkono wa spana kwa nyundo. Haigongi nati kichwani. Impakti ni makanika huyo, ila hachoki.

Mashine ya kutoboa zege hufanya kinyume chake: hugonga biti kisogoni, ncha ikavunja kokoto huku ikizunguka. Na balaa ni kwamba madukani ile drili yenye nyundo, ya kuchomekwa kwenye stima, nayo huitwa "impakti drili". Kwa hivyo ukienda kununua, eleza kazi unayotaka kufanya. Ukitaja jina peke yake unaweza kurudi nyumbani na kitu kingine kabisa, kama mimi.

Kuna jambo la kwetu pwani linaloongeza mkanganyiko. Kuta nyingi za hapa ni za mawe ya matumbawe, na matumbawe ni laini. Biti ya ukuta huingia hata kwenye drili isiyo na nyundo. Ndiyo maana utakutana na mtu anayekuapia kwamba impakti yake hutoboa ukuta. Hasemi uongo, ametoboa matumbawe. Mimi nilikuwa juu ya dirisha, kwenye linta, na linta ni zege na nondo. Pale ncha ya kabaidi ikigongwa kombo humenyeka, maana kabaidi ni ngumu sana lakini haina uvumilivu.

Wengine nao wameangukia upande wa pili, wanasema impakti haitoboi chochote. Hutoboa mbao vizuri, hutoboa na bati, mradi biti iwe na shina la pembe sita la robo inchi, maana mdomo wake haushiki shina la mviringo. Tundu linalotakiwa liwe safi na la kipimo kamili, mwachie drili.

"Nguvu zile zitanivunja mkono"

Husema hivi wanaoisikia kelele kabla ya kuishika. Impakti ndogo ya volti 18 hufikia msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa nyutoni-mita (Nm) 150 hivi na kupita, na drili ya umbo hilohilo mara nyingi haifiki nusu ya hapo. Lakini drili ndiyo ya kuogopwa. Biti ikinasa, mwili wa drili huendelea kuzunguka na kiganja chako kikiwa ndani. Kwenye impakti pigo huishia chuma kwa chuma, mkono ukapata mtikisiko tu.

Kwa kuwa haipigi kwenda mbele, kusukuma ni kazi yako. Simama nyuma ya mashine, mkono, biti na skrubu viwe kwenye mstari mmoja. Ukishika ovyo, biti hupanda nje ya kichwa cha skrubu, na kwa mapigo zaidi ya hamsini kila sekunde kichwa hugeuka kikombe kabla hujaachia kidole.

Hapo hapo ndipo watu huilaumu mashine, na kosa ni la biti. Zitazame skrubu za mbao za rangi ya dhahabu: nyingi zina msalaba wenye vistari vinne vyembamba vilivyopita kati ya mikono yake. Huo ni Pozidriv, na biti yake huandikwa PZ2. Zile nyeusi za dari ya jipsamu zina msalaba mtupu, Phillips, PH2. Kwa jicho la haraka ni ndugu. Ukiingiza PH2 kwenye kichwa cha PZ2 utaona imekaa, itikise kidogo uone inavyocheza. Kwa bisibisi ya mkono utaponea. Kwa impakti hutaponea. Mimi nilitupa biti nne nikiziita feki kabla ami hajanionyesha herufi zilizochongwa ubavuni.

"Haihitaji tundu la kuanzia"

Wazee waliounda majahazi pwani hii walitoboa kwanza kwa keekee, ile ya kuzungushwa kwa uta, ndipo wakapigilia msumari. Hawakuwa wakosefu wa nguvu. Walijua ubao mgumu ukilazimishwa hupasuka, na chombo kikipasuka kiko baharini.

Mvule haujabadilika kwa sababu sisi tumepata betri. Impakti itaiingiza skrubu nene kwenye mvule bila tundu, kweli, na utafurahi, hadi uone ufa umetembea kutoka kwenye skrubu hadi mwisho wa fremu. Au skrubu inakatika shingo na nusu yake inabaki ndani milele. Skrubu za shaba za bawaba ndizo za kwanza kukatika. Za chuma kisichoshika kutu, ambazo karibu na bahari ndizo ninazozipenda, nazo ni laini kuliko skrubu ya chuma kilichotiwa ugumu. Toboa tundu jembamba kuliko skrubu kwanza. Kwa shaba, pitisha kwanza skrubu ya chuma ya kipimo hicho, itoe, kisha tia ya shaba umalizie kwa mkono.

Mbao laini kama saiprasi na skrubu fupi, sawa, pita moja kwa moja. Lakini si karibu na ncha ya ubao.

"Ikiendelea kupiga ndiyo inakaza vizuri"

Drili nyingi za betri zina pete yenye nambari shingoni. Ukiweka nambari ndogo, huacha zenyewe kukaza skrubu ikishakaa. Impakti nyingi hazina pete hiyo. Breki yake ni kidole chako.

Gharama ya kutojua hili utaiona kwenye mabati. Skrubu ya bati ina kichwa cha pembe sita na washa yenye mpira chini yake. Mpira ndio unaozuia maji, chuma ni cha kushikilia tu. Ukikaza mpaka ta-ta-ta iwe ndefu, mpira husagika na kutokeza pande zote kama chapati iliyokandamizwa, bati likabonyea, na maji ya mvua yakapata bakuli la kutulia. Bati la geji 30 ni jembamba, hubonyea kwa urahisi. Masika ya kwanza huenda usione kitu. Jua la Mombasa likishaukausha mpira uliopasuka, tone linaanza, na fundi wa pili anaitwa kutia lami juu ya kila skrubu.

Kipimo ni hiki: mpira uonekane kidogo tu ukingoni mwa washa, na washa isizunguke ukiigusa kwa kidole. Mafundi wazuri niliowaona huachia mara washa inapolala kwenye bati. Unasikia mlio mfupi mmoja, wanahamia skrubu nyingine. Soketi, kile kikombe kinachovaa kichwa cha skrubu, nayo iwe ya kipimo, maana inayocheza hukwangua ile rangi na zinki ya kichwa, na kwa upepo wetu wa chumvi kutu haingoji mwaliko.

Dari ya jipsamu ni vivyo hivyo. Kichwa kikizama kikachana karatasi ya juu, skrubu ile haishiki kitu tena, ingawa inaonekana imekaa sana.

"Ya volti 128 ni kali kuliko ya 18"

Hapa naomba niseme kwa hasira kidogo, kwa sababu niliingia mwenyewe. Betri ya lithiamu imeundwa kwa seli, na kila seli ni volti 3.6 kwa kipimo cha kawaida. Seli tano ni volti 18. Zikijaa pomoni kila moja hufika 4.2, jumla 21. Kwa hivyo mashine iliyoandikwa 18 na iliyoandikwa 20 zaweza kuwa na betri sawa kabisa. Moja imehesabiwa ikiwa kazini, nyingine ikiwa imekaribia kushiba. Za 12 nazo huwa na seli tatu, 10.8.

Sasa lile boksi lenye 88 au 128 kwa maandishi makubwa. Volti 128 zingetaka seli zisizopungua 30, na seli ya kawaida ni nene kama kidole gumba. Ishike ile betri mkononi ujiulize zimekaa wapi. Nambari ya kutafuta ni Ah, yaani ampea-saa, na ukizidisha kwa volti unapata nishati: volti 18 mara Ah 2 ni watisaa 36. Hiyo ndiyo itakayokwambia utamaliza skrubu ngapi kabla ya kurudi kwenye chaja.

Wako pia wanaosubiri betri ife kabisa ndipo wachaji. Ni mazoea ya betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Lithiamu haina tabia hiyo, ichaji wakati wowote. Inachochukia ni joto. Usiiache kwenye dashibodi mkiwa kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana, na ikitoka kazini ikiwa moto, ipumzishe kivulini kwanza.

Miwani vaa, hilo halina mjadala. Biti ngumu hukatika bila taarifa. Masikioni watu hutia pamba wakaridhika, na pamba tupu haizuii sauti kwa kiasi cha maana. Impakti ikiwa inapiga, kelele yake hukaribia desibeli 100, na kwa kiwango cha taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, desibeli 100 ni robo saa tu kwa siku. Vizibo vya povu ni bei ndogo.

Vishimo vyangu vitano bado vipo, sijapata moyo wa kuvipiga pati. Cha sita na cha saba, vinavyoshikilia rafu, alivitoboa ami kwa drili yake kubwa ya waya, akagonga plagi za plastiki, kisha akanirudishia nafasi. Skrubu nilizikaza mimi, kwa impakti, kidole nusu.