Mwili wa Mtoto si Bango

Juzi Jumanne kiongozi wa vijana wa kanisa la jirani alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki. Ni kijana mwenye heshima zake, ameoa mwaka jana, na akiomba huomba kwa machozi. "Mama Mchungaji," akasema, "tunaomba utusemee kwa msimamizi wa hospitali. Tunataka kusimama langoni Jumapili mbili, na mabango ya kupinga utoaji mimba." Akafungua bahasha. Nilizijua zile picha kabla hajazitandaza mezani. Ni zile zile ambazo zimekuwa zikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp miaka yote niliyofanya uchungaji wa hospitali: kimkono juu ya sarafu ya kigeni, kichwa kwenye koleo, damu. Kisha akatamka sentensi ambayo nimeisikia kwa walimu, kwa wazee wa kanisa na kwa madaktari waumini: "Wakiona tu, watakoma. Hawajui wanachofanya."

Sentensi hiyo imenichosha. Nimeijibu kwa upole mara nyingi, na leo naiandikia kwa sababu upole umeniishia, na kwa sababu wanaoisema ni watu wangu. Mimi naamini aliyemo tumboni ni mtu aliyeumbwa na Mungu. Sina ugomvi na Kifungu cha 26 cha Katiba yetu kinaposema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Anayetafuta mchungaji wa kumwambia kuwa kuavya mimba ni jambo dogo, amekosa mlango. Ninachokataa ni zile picha.

Hawajui? Utafiti wa Wizara ya Afya na washirika wake ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba zilizotolewa hapa Kenya zilikuwa 464,690, na kwamba wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara ya kutoa mimba. Wengine wa aina hiyo ndio ninaoketi nao wadini. Wengi wao ni mama wa watoto. Aliyezaa wawili, akawanyonyesha, akawabeba mgongoni, hahitaji kuonyeshwa mkono wa mtoto mchanga ulivyo. Anajua, na ndiyo sababu analia kabla hata sijajitambulisha. Asichokijua ni kodi ya nyumba itatoka wapi, au atamwambia nini baba yake, au kama yule mwanamume atachukua simu. Tunamletea jibu la swali ambalo hakuuliza, tena kwa kumpigia kelele.

Sasa tuje kwenye lango lenyewe. Nakaa karibu nalo, nawaona wanaopita. Anapita mama ambaye mimba yake imetoka yenyewe usiku wa kuamkia jana, na wa namna hiyo si wachache: katika kila mimba kumi zinazojulikana, moja au mbili huharibika zenyewe. Anapita aliyepasuliwa kwa sababu mimba ilitunga nje ya mji wa mimba, na hapakuwa na njia nyingine ya kumwacha hai. Anapita aliyejifungua mtoto mfu mwezi uliopita na leo amerudi kliniki na maziwa bado yanamtoka. Anapita msichana aliyebakwa. Anapita bibi na mjukuu wa miaka sita wakipeleka uji. Bango la mita mbili halichagui macho. Linampiga kila mmoja wao, na yule aliyekusudiwa pengine hapiti hapo kabisa. Yuko chumba cha nyuma cha duka la dawa mtaani.

Nchini Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Jumapili ya Matawi mwaka 2005, waandamanaji walisimama nje ya kanisa la Kianglikana la Saint John's jijini Denver wakiwa na picha za vijusi vilivyokatwakatwa, waumini na watoto wao wakiwa kwenye ibada. Amri ilitolewa kuwazuia wasionyeshe picha hizo mahali ambapo watoto wa chini ya miaka 12 wangeweza kuziona, Mahakama ya Rufaa ya Colorado ikaikubali mwaka 2012, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kusikiliza rufaa. Suala la uhuru wa kujieleza nawaachia mawakili. Kinachoniuma ni kwamba hakimu ndiye aliyelazimika kuwauliza Wakristo kama walimwona mtoto aliyeshika tawi.

"Lakini picha haidanganyi, Mama." Hapa ndipo damu yangu huchemka, kwa hiyo nivumilieni.

Kijusi cha wiki 12 kina urefu wa takriban sentimita tano na nusu kuanzia utosini hadi makalioni. Cha wiki nane hakifiki sentimita mbili. Ukikikuza hadi kikawa kirefu kuliko mtu mzima, umeshasema jambo ambalo si kweli, hata kama kila kidole ni cha kweli. Halafu bango halisemi huyu alikuwa wa wiki ngapi. Halisemi alitoka vipi. Hata wakunga wenye uzoefu, wakipokea kilichotoka, mara nyingi hawawezi kusema kwa kutazama tu kama mimba ilitolewa au ilitoka yenyewe. Ndiyo maana huduma ya mwanamke mwenye mimba iliyoharibika ni ile ile, asafishwe, apewe dawa, aangaliwe damu, bila kuhojiwa kama mshukiwa. Basi wewe uliyeipata picha kwa kutumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu, umejuaje? Inawezekana kabisa unabeba barabarani mtoto wa mama aliyemtaka, aliyempa jina, aliyemlilia. Nilimuuliza kijana wangu hivyo. Akanyamaza muda mrefu. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba yule mtoto kwenye picha ana mama.

Na kama unaamini ni mtoto, hapo jambo linazidi kuwa zito. Kwetu maiti husitiriwa. Haijalishi ni pwani au bara, Mwislamu au Mkristo: mtu akifa, la kwanza ni shuka. Wana wawili wa Nuhu walitembea kinyumenyume na nguo mabegani ili wamfunike baba yao bila kumtazama, na huyo alikuwa amelewa tu, hajafa. Anayesema kijusi ni kitu tu anaweza kukionyesha bila kujipinga. Sisi tunaosema ni mtu hatuna ruhusa hiyo.

Novemba 2016, kuelekea uchaguzi wa rais wa Marekani, padri Frank Pavone aliulaza mwili wa kijusi kilichoavywa juu ya meza kama altare, akarusha moja kwa moja Facebook, akihimiza watu wampigie kura Donald Trump. Askofu wake wa Amarillo alikemea akisema ni kukosea heshima ya uhai wa binadamu na kuinajisi altare. Mwaka 2022 Vatican ilimvua upadri kwa makosa yake ya kwenye mitandao na kwa kutotii. Sifurahii anguko la mtumishi yeyote. Namtaja kwa sababu alikuwa amefika mwisho wa barabara ambayo kijana wangu anaianza: mwili wa mtoto umegeuka chombo cha kazi, na kazi yenyewe ni kura.

Hapa kwetu, mwaka 2004, vijusi 15 vilikutwa vimetupwa kwenye mifuko kando ya mto jijini Nairobi. Picha zilijaa magazetini. Daktari mmoja na wauguzi wawili wakashtakiwa kwa mauaji, wakakaa rumande karibu mwaka mzima, na 2005 mahakama ikawaachilia kwa kukosa ushahidi. Kanisa liliwaandalia wale wadogo ibada na majeneza. Kuwazika naona kulikuwa sahihi. Ila ukiwauliza watu wa rika langu leo, wanakumbuka picha, hasira na uvumi. Hakuna anayenikumbusha mama hata mmoja wa wale wadogo kumi na tano, na sisi wachungaji hatukuwatafuta.

Biblia ina bango moja, na nashangaa waandamanaji hawalihubiri. Waamuzi 19. Mlawi mmoja anafika Gibea na suria wake, wahuni wanaizunguka nyumba, na yeye mwenyewe anamshika yule mwanamke na kumtoa nje kwao. Asubuhi anamkuta mlangoni, mikono juu ya kizingiti. Anamwambia inuka, twende. Halafu anampeleka nyumbani, anatwaa kisu, anamkata vipande 12 na kuvituma katika mipaka yote ya Israeli. Kila aliyeona alishtuka. Kampeni ilifaulu kuliko yoyote ninayoijua. Ila soma sura ya 20, Mlawi anapoeleza kilichotokea mbele ya mkutano: anasema wale watu walimtenda suria wake hata akafa. Kwamba ni yeye aliyemtoa nje, hasemi. Mwili uliokatwa ulimsaidia kuficha mkono wake mwenyewe. Na mshtuko ulizaa nini? Vita. Kabila la Benyamini likabaki na wanaume 600, na ili wapate wake, Yabesh-gileadi ikaangamizwa wakachukuliwa wasichana 400, na wengine wakanyakuliwa Shilo wakicheza ngoma. Hasira iliyoanzishwa kwa ajili ya mwanamke mmoja asiyetajwa jina iliishia kwa mamia ya wanawake kubebwa kwa nguvu.

Kila nikiona bango la kijusi natafuta mkono wa Mlawi. Yuko wapi baba aliyekana mimba? Liko wapi kanisa lililomtenga msichana kwaya iliposikia? Iko wapi shule iliyomfukuza? Picha imekata yote hayo, ikaacha mtoto na damu, na sote tukasimama nyuma ya kamera tukiwa safi.

Kuna hoja moja ambayo siwezi kuipuuza, na nitaisema vizuri kuliko wanavyoisema wenyewe. Mei 1904, huko Baringa nchini Kongo, mmishonari Alice Seeley Harris alimpiga picha mzee Nsala, ameketi, akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano aliyeuawa na walinzi wa ABIR, kampuni iliyovuna utomvu wa mpira. Picha za namna hiyo zilionyeshwa makanisani Uingereza kwa taa ya kumulikia ukutani, watu wakaamka, na mwaka 1908 mfalme Leopold akaiachia dola ya Ubelgiji ile Kongo aliyoimiliki. Picha ya kutisha, iliyopigwa na Mkristo, ikasaidia kuokoa watu. Je?

Jibu langu ni kwamba Nsala mwenyewe ndiye aliyeleta mabaki yale yamefungwa majanini. Yeye ndiye aliyeketi. Machozi ya picha ni yake, na kidole cha picha kinaelekea juu, kwa mfalme na wenye hisa. Bango la langoni kidole chake kinaelekea chini, kwa msichana wa miaka 17 mwenye kanga moja. Lakini kuna atakayesema: huyu wa tumboni hana Nsala wa kumletea mabaki, kwa hiyo tumlete sisi. Hoja hiyo inaniuma usiku. Sina jibu lake kamili.

Wala sitasema picha hazijawahi kumzuia mtu. Mama mmoja aliniambia aliwahi kuonyeshwa shuleni, na alipopata mimba akiwa na miaka 19 ile picha ndiyo iliyomrudisha njiani. Mwanawe nimemshika mikono na kumbariki. Siwezi kumwambia mama huyo kwamba amekosea. Ninachoweza kusema ni kwamba na mimi nilionyesha. Nilipokuwa kijana wa Umoja wa Wakristo nilipeleka kanda ya video katika shule ya wasichana, Kidato cha Tatu, bila kuuliza mtu. Katikati msichana mmoja alitoka mbio. Niliichukua kama ishara kwamba Roho anafanya kazi. Baadaye nikasikia kwamba alikuwa ameshatoa mimba, mwaka uliotangulia, alipelekwa na shangazi. Hakurudi kwenye ibada zetu tena. Sikumtafuta.

Kazi yangu leo ni ya kuonyesha vilevile, ndiyo maana tofauti hii naijua kwa mikono. Mama aliyepoteza mtoto humuuliza muuguzi, au humuuliza mtu yeyote aliyepo, "alikuwa anafanana na nani?" Namuuliza kama angependa kumwona. Namwambia mapema atakachokiona: ngozi ni nyekundu, imelegea, macho yamefumba. Namfunga mtoto kwenye leso, naacha mguu mmoja au mkono nje. Halafu nasubiri. Wapo wanaosema hapana, na saa mbili baadaye wananiita. Wapo wanaosema hapana, na wanamaanisha hapana. Kuna mmoja nilimsihi, kwa kuwa nilifundishwa kwamba kuona husaidia kuomboleza, akaona kwa kunitii, na miezi sita baadaye alinambia hajalala vizuri tangu siku ile. Wataalamu wenyewe wamebadilisha ushauri kuhusu jambo hili zaidi ya mara moja. Ninalolijua ni dogo: macho ni ya mwenyewe, na huombwa.

Kijana wangu aliacha bahasha mezani. Sikumrudishia na sikuichana. Nimeifungia kabatini, maana hata hizo ni picha za wafu. Nilimwambia lango sitamwombea. Nilimwambia pia kwamba wadini kuna wasichana wawili ambao hawana wa kuwaletea chakula, mmoja anaruhusiwa kesho na hana nauli wala pa kwenda, na kwamba hospitali ina visanduku vitatu vidogo ambavyo hakuna aliyekuja kuvichukua. Tunazika Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Aje na vijana wake na majembe. Simu waziache nyumbani.