Utani wa Waaustralia: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Hawana adabu, wanakutukana hata hawajakuzoea.

Wanakutania, na hawamtanii wasiyemtaka. Mgeni kazini akianza kuchokozwa kwa kofia yake au timu anayoshabikia, ajue amekwisha kupokelewa. Wa kumhofia ni yule anayekusemesha kwa heshima iliyopitiliza. Hata neno lao la urafiki, "mate" (hutamkwa meit, si yale ya mdomoni), hubadilika kwa sauti tu: likivutwa ni mapenzi, likikatwa ni onyo. Shida ni kwamba mtaniaji hacheki. Uso mkavu, sauti ileile ya kuulizia bei ya mkate. Mwenye nywele nyekundu humwita "Bluey", yaani wa buluu, na hakuna anayejisumbua kukueleza.

Dhana: Ni urithi wa wafungwa tu.

Wafungwa wapo kwenye hadithi hii: wapatao 162,000 walisafirishwa kutoka Uingereza kati ya 1788 na 1868. Lakini jimbo la Australia Kusini halikuletewa wafungwa, na huko nako wanataniana vilevile. Mimi naona machimbo ya dhahabu ya miaka ya 1850 yanasahauliwa mno. Pale bwana na mtwana walichimba tope moja. Kilichobaki mpaka leo ni kutomvumilia anayejikweza. Ua lililorefuka kuliko mengine, wanasema, hukatwa. Ndiyo maana mshindi hujikashifu mapema, kabla wenzake hawajamwahi. Mwaka 2002, Steven Bradbury alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mbio za kuteleza kwenye barafu kwa sababu wote waliokuwa mbele yake walianguka kona ya mwisho. Hakujidai kuwa ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote. Wakampenda, na jina lake sasa ni msemo wa ushindi wa kudondokewa.

Dhana: Bwawa la kuogelea la Harold Holt ni kejeli kwa marehemu.

Holt, waziri mkuu, alipotelea baharini Desemba 1967 na mwili haukupatikana. Bwawa hilo la Melbourne lilikuwa likijengwa katika jimbo lake la uchaguzi, likapewa jina lake kwa heshima kabisa. Kicheko kilikuja chenyewe.

Dhana: Kuna koala mla watu anayekurukia kutoka mtini.

Hakuna. Ila Makumbusho ya Australia, Sydney, yamemwandikia maelezo kamili kwenye tovuti yao, na jina la kisayansi juu: Thylarctos plummetus. Wenyeji watakushauri ujipake Vegemite, ile rojo nyeusi ya chumvi wanayopaka kwenye mkate, nyuma ya masikio.