Uvuvi usiokusudiwa ni nini?

Wavuvi wa Kibajuni wa visiwa vya Lamu walikuwa na ustadi wa kumvua kasa kwa kutumia samaki. Samaki huyo, chazo, alifungwa kamba mkiani, akaachiwa karibu na kasa. Kwa kile kibandiko alicho nacho kichwani, akishaganda kwenye gamba haachii, na kamba ikavutwa taratibu mpaka kasa akafika ubavuni mwa chombo. Huo ni uvuvi wa kukusudia. Mtu kamtaka kasa, kamfuata kasa, kampata mmoja.

Uvuvi usiokusudiwa ni mnyama kunaswa na mtego uliowekewa mwingine. Anayeua hakumtaka aliyekufa, na mara nyingi hakuwepo alipokufa. Ukitaka kuielewa dhana hii pwani ya Lamu na Malindi, litazame jarife.

Jarife ni wavu wa matundu mapana wa kuvulia papa, taa na samaki wengine wakubwa. Juu una maboya, chini una chubwi, katikati umesimama majini kama ukuta. Hutegwa jioni, ukarudiwa alfajiri. Tundu linalompitisha changu likamzuia papa litamzuia na mwingine yeyote mwenye umbo kubwa: nguva, kasa, pomboo.

Na hao watatu hawana matamvua, wana mapafu. Nguva huzama dakika chache tu, kisha hana budi kupanda kuvuta pumzi. Kasa akijilalia chini ametulia anaweza kukaa saa kadhaa, ila akinaswa akaanza kupapatika, pumzi humwishia upesi. Hafi kwa jeraha basi; anakufa maji, yeye mwenyeji wa bahari. Asubuhi ukiuvuta wavu unakuta uzi umemzunguka kikono cha mbele mara tatu, mara nne, kwa kuwa kila alipojipindua alijifunga zaidi. Papa upanga, ambaye ni samaki hasa, huponzwa na upanga wake: meno yake hujisokota kwenye uzi, na leo amekuwa adimu mno katika maji yetu.

Kwa nini vifo hivi vya mmoja mmoja vitishe? Hesabu uzazi wa nguva. Huzaa mtoto mmoja, baada ya mimba ya zaidi ya mwaka, kisha hupita miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena. Jike mmoja akifa jarifeni, pengo lake halizibwi upesi. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Idadi yao ya kutegemewa imebaki Bazaruto, Msumbiji. Kwetu, penye nyasi za baharini wanazokula ndipo pia penye samaki, na penye samaki ndipo penye nyavu.

Mvuvi naye hapati faida. Kasa mkubwa huchana wavu, na wavu uliochanika ni siku kadhaa za kushona badala ya kwenda baharini. Juu ya hayo, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamlinda kasa na nguva kwa adhabu nzito, kwa hiyo anayemkuta amekufa ana kila sababu ya kumtosa na kunyamaza. Sheria ninaiunga mkono, lakini kimya hicho kinatuficha ukubwa wa msiba.

Kuna hila zinazosaidia. Meli za kuvua kamba wa baharini katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, zinaweza kufungiwa chekecheke la vyuma ndani ya wavu: kamba hupita, kasa hugonga vyuma akateleza nje kwa mlango wa juu. Huko Peru wametundika taa za kijani kwenye nyavu za kutega, na kasa walionaswa wakapungua kwa zaidi ya nusu. Kwa jarife, dawa nyepesi kuliko zote ni kulirudia mapema, ingawa kukesha baharini kuna gharama yake.

Huko Watamu, kusini ya Malindi, wana njia yao. Mvuvi akimkuta kasa angali hai wavuni hupigia simu shirika la uhifadhi la Local Ocean Conservation. Watu wa shirika hufika, wakampima kasa, wakamfunga kibati cha namba kikononi na kumrudisha majini. Mvuvi hupewa kifuta jasho, si bei ya nyama, bali cha muda wake na vocha ya simu.